Nimepewa siku tisa: kampuni kubwa ya mawakili au ofisi ya Mzee?

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia saa saba usiku nikiwa nimekaa sakafuni. Mezani kuna barua ya ajira, na nikikaa pale nitaisoma tena.

Nina miaka 26, mtoto wa kwanza kati ya watatu. Niliapishwa kuwa wakili miezi mitatu iliyopita. Barua imetoka kwenye kampuni kubwa sana ya mawakili, yenye ofisi katika nchi kadhaa na mawakili zaidi ya 300. Wanataka nianze mwezi ujao. Wamenipa siku tisa za kujibu, na leo ni ya tatu.

Tangu mwaka wa pili chuoni nimekuwa nikijitolea katika ofisi ndogo ya wakili mmoja mtu mzima ninayemwita Mzee. Ofisi ina vyumba viwili, karani mmoja na mashine ya kunakili inayokwama kila siku. Kesi zetu nyingi ni za wafanyakazi: waliofukuzwa bila notisi, waliocheleweshewa mishahara, wanaodai kiinua mgongo. Mzee ndiye aliyenifundisha kuandika hati ya madai. Macho yake yameanza kufifia, kwa hiyo jioni namsomea majalada kwa sauti. Anasikiliza amefumba macho, halafu ananiuliza swali moja tu linalonirudisha ukurasa wa kwanza. Mwaka jana aliniambia, "Ofisi hii nitakuachia wewe." Nilinyamaza. Nadhani kimya changu alikichukua kuwa ndiyo.

Kuna mama mmoja mfanya usafi tunayemwakilisha dhidi ya mwajiri mkubwa aliyemwachisha kazi baada ya miaka 14. Alituletea hati zake za mshahara kwenye mfuko wa plastiki, zote, tangu mwezi wa kwanza. Kila moja ameinyoosha, na zilizochanika amezishona kwa sindano na uzi kwa sababu hakuwa na gundi. Nilizipanga sakafuni mwaka baada ya mwaka, zikajaa chumba kizima hadi mlangoni. Siku ile nilijua kwa nini nimesoma sheria.

Sasa upande wa pili. Miezi sita ya mafunzo yangu ya vitendo niliifanya kwenye hiyo kampuni kubwa. Mteja wao alitaka kununua kampuni nyingine, nasi vijana tukapewa kazi ya kusoma mikataba yote ya ile inayouzwa. Mimi nilisoma 212. Katika mkataba wa 187, ndani ya kiambatisho cha nne, nikakuta kifungu kinachosema kwamba umiliki ukibadilika, msambazaji mkuu anaruhusiwa kuvunja mkataba kwa notisi ya siku 30. Hakuna aliyekuwa amekiona. Saa tano usiku nilipita korido nikikimbia nusu, karatasi mkononi, na wakili mkuu akakata simu aliyokuwa akizungumza, akaisoma amesimama. Shangazi, nilifurahi mno. Nisamehe kwa kusema hivyo.

Ila usiku mwingine, kwenye ofisi hiyohiyo, nilimkuta dada mmoja wa mwaka wake wa sita kazini akinawa uso bafuni saa nane. Alikuwa analia. Akajifuta, akatazama saa ya mkononi, akasema, "Nimepoteza dakika sita," akarudi mezani kwake. Nilidhani ni namna tu ya kusema. Baadaye ndipo nilipojua kwamba pale kazi yote huhesabiwa kwa vipande vya dakika sita.

Nyumbani hali ni hii. Mama ndiye mdhamini wa mkopo wangu wa masomo, na wadogo zangu wawili bado wanasoma. Kampuni kubwa itanilipa karibu mara nne ya anachoweza kunilipa Mzee. Nimepiga hesabu: kwa mshahara ule deni litaisha ndani ya miezi 20, kwa mshahara wa Mzee ni zaidi ya miaka saba. Mjomba anasema nikikataa nitakuwa nimeitupa bahati ya ukoo mzima. Anasema hata Mandela alianza kwenye ofisi ya watu kabla ya kufungua yake.

Mpango wangu ni huu: niingie miaka miwili, nilipe deni, nirudi kwa Mzee. Jumamosi nitaendelea kumsaidia. Tena wameniahidi idara ya sheria za kazi, kwa hiyo sitakuwa mbali na ninachokipenda. Nikiusema mpango huu kwa sauti unaonekana mzuri. Nikilala hauniachi nilale.

Mzee bado sijamwambia. Jana nilimsomea jalada la yule mama, nikafika mwisho, naye akasema, "Sauti yako leo imechoka." Nikamdanganya kwamba nina mafua.

Nikienda, je, nitakuwa msaliti? Nikibaki, je, nitakuwa nimewaponza mama na wadogo zangu kwa ajili ya ndoto yangu?

Binti wa siku tisa


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Inuka kwanza hapo sakafuni. Barua ya ajira iweke ndani ya jalada, ulifunge, ukae mezani kwako.

Kabla ya kazi hii ya kushauri nilikuwa katibu muhtasi katika kampuni ya mawakili kwa miaka 11, kwa hiyo dakika zako sita nazijua kwa vidole vyangu. Kila Ijumaa jioni mawakili waliniletea fomu zao za saa niziingize kwenye kompyuta ili ankara za wateja zitoke. Saa moja hukatwa vipande kumi. Simu fupi ni 0.1, barua ni 0.3, asubuhi nzima ya kusoma jalada ni 3.5. Baada ya muda niliweza kumjua aliyegombana na mumewe na aliyeuguliwa na mtoto kwa kutazama tarakimu tu. Nakwambia haya ujue kwamba ninapozungumzia kazi hiyo nimeiona kwa karibu, ingawa nilikaa upande wa mashine ya chapa.

Nikikuelewa, shida yako iko hivi. Umepewa kazi itakayomtoa mama yako kwenye dhamana na kukufundisha mambo makubwa, lakini umeona inavyomfanya mtu alie bafuni akiwa ameikodolea macho saa. Upande wa pili yuko Mzee aliyekulea kitaaluma, anayekuhitaji kwa macho yako na kwa moyo wako, na hajui kwamba unahesabu siku. Ukatunga mpango wa kuwaridhisha wote. Mpango huo ndio unaokunyima usingizi.

Kuna jambo kwenye barua yako lililonishika kuliko mengine. Umenisimulia furaha mbili. Ya kwanza ni ya hati zilizoshonwa kwa uzi, nayo umeisimulia kichwa juu. Ya pili ni ya kifungu ulichokikuta kwenye mkataba wa 187, na hiyo umeiomba radhi. Kwa nini, mwanangu? Nikizitazama naona ni furaha moja. Mara zote mbili ulikaa na karatasi ambazo mwingine hakuwa na subira nazo, ukaona lililofichika ndani yake. Na aliyekufundisha kusoma hivyo, kurudi ukurasa wa kwanza kwa sababu ya swali moja, ni Mzee. Huenda ulipopita ile korido nusu ukikimbia, ulikuwa unaitumia elimu yake. Sikwambii hivyo ili uende. Nakwambia kwa sababu mtu anayeionea aibu furaha yake huamua akiwa amefumba jicho moja. Ukienda huku unajiona mwenye dhambi, utafanya kazi kama anayetumikia adhabu. Ukibaki ili kujisafisha, siku moja utamdai Mzee malipo ya kitu ambacho hakukuomba.

Sasa tuuchukue mpango wako kipande kwa kipande, maana una mambo umeyachukulia kuwa kweli bila kuyauliza.

Umesema wamekuahidi idara ya sheria za kazi na hivyo hutakuwa mbali na unachokipenda. Jiulize idara hiyo inamwakilisha nani. Katika kampuni kubwa za mawakili, wateja wa idara ya kazi kwa kawaida ni waajiri, kwa sababu wao ndio wanaoweza kulipa ankara zile. Sheria utakazozisoma zitakuwa zilezile, kurasa zilezile, ila utakuwa umekaa ng'ambo ya meza. Mtu kama yule mama mwenye mfuko wa plastiki atakuwa ndiye mdai unayetakiwa kumjibu. Simaanishi kwamba kazi hiyo ni chafu. Nimemwona wakili wa mwajiri akikataa katakata kuandika barua ya kumfukuza mtu, akamwambia mteja wake, "Mlipe haki zake zote leo, kwa sababu sheria iko upande wake." Mfanyakazi yule hakuwahi kujua kwamba kuna mtu alimtetea ndani ya chumba asichokanyaga. Mawakili wa aina hiyo wanahitajika sana. Wapo pia wanaofundishwa kuvuta kesi hadi mdai achoke. Utakuwa chini ya nani kati ya hao? Jina la idara halikupi jibu. Litatoka kwa mtu utakayefanya naye kazi, kwa hiyo waulize kabla hujatia saini utakuwa chini ya nani na idara ilimtetea nani katika kesi zake za mwisho zilizo wazi mahakamani.

Kipande cha pili ni Jumamosi zako kwa Mzee, na hapa nataka uwe makini sana, maana jambo hili linagusa leseni yako. Umesema mwajiri wa yule mama ni mkubwa. Waajiri wakubwa ndio wateja wa kampuni kubwa. Je, umehakikisha kwamba si mteja wa hao wanaokuita? Wewe umeshika jalada lake, unajua nguvu na udhaifu wa kesi, pengine unajua hata kiasi ambacho yule mama angekubali kusuluhishwa. Siri hizo ni zake. Zinakufunga leo, na zitakufunga utakapokuwa umehamia kwingine. Unatakiwa umweleze Mzee, na kampuni uieleze kwamba umewahi kushughulikia kesi dhidi ya mwajiri fulani, bila kutoa siri yoyote ya jalada. Kampuni za aina hiyo huwa na utaratibu wa kukagua mgongano wa maslahi kabla ya kumpokea wakili mpya, na mara nyingine humzuia mtu kabisa asiguse wala asione nyaraka za mteja husika. Vilevile, wakili aliyeajiriwa huko kwa kawaida haruhusiwi kufanya kazi ya uwakili nje bila ruhusa, hata ya bure, hata Jumamosi. Huenda wakakuruhusu kesi chache za msaada wa kisheria baada ya kuzikagua. Huenda wakakukatalia zote za wafanyakazi dhidi ya waajiri. Usimwahidi Mzee Jumamosi ambazo huenda si zako tena.

Na hata ruhusa ikipatikana, nguvu zitatoka wapi? Hesabu ya saa ina historia ndefu, nami huirudia kila ninapozungumza na mawakili vijana. Mwaka 1958 Chama cha Mawakili cha Marekani kilichapisha kijitabu cha kuwahimiza mawakili waandike saa zao ili wajue kazi yao ina thamani gani. Kijitabu hicho kilikadiria kwamba wakili asiyefanya kazi ya ziada ana takriban saa 1,300 kwa mwaka za kumtoza mteja. Leo kampuni kubwa nyingi za nchi hiyo hudai kati ya saa 1,900 na 2,000. Gawa 2,000 kwa wiki 48, unapata karibu saa 42 kila wiki, na hizo ni zile tu zinazoingia kwenye ankara. Kula, kusaidia mwenzako, mikutano ya ofisi, kujisomea, kulia bafuni, vyote viko nje ya hesabu. Ndiyo maana yule dada alisema amepoteza dakika sita. Nchi na kampuni hutofautiana, nawe huna sababu ya kukisia. Uliza: lengo la saa kwa mwaka ni ngapi, na asiyelifikia hufanywa nini? Angalia anayejibu. Akijibu moja kwa moja kwa tarakimu, hiyo ni dalili njema. Akianza kukueleza kwamba "sisi hapa ni familia," rudia swali lako kwa upole.

Yule dada amekutisha, na una haki ya kutishika. Mwaka 2016 kulichapishwa utafiti wa mawakili 12,825 wa Marekani. Asilimia 28 walionyesha dalili za sonona, asilimia 19 dalili za wasiwasi, na mmoja kati ya watano alikuwa na unywaji wa pombe wenye madhara. Waliozidiwa zaidi na pombe walikuwa mawakili walio katika miaka kumi ya kwanza ya kazi, yaani rika lako. Ila utafiti huo ulihusu mawakili wa kila aina, si wa kampuni kubwa peke yake. Katika ofisi ndogo kuna uchovu wa namna nyingine, na wewe umeanza kuuonja: kwenda nyumbani na machozi ya mteja, kujua kwamba usipokwenda mahakamani kesho hakuna mwingine wa kwenda, kumtetea mtu asiyeweza kukulipa huku kodi ya ofisi ikikusubiri. Mzee ana afya gani, mwanangu? Kabla hajaanza kupoteza macho, alikuwa akilala saa ngapi? Muulize. Ungefaa pia kumtafuta yule dada, mzungumze mbali na ofisi, umsikie mwenyewe. Ulimwona kwa dakika sita za maisha yake. Huenda akakwambia, "Nenda kokote ila si hapa." Huenda akakwambia kwamba usiku ule alikuwa amepata habari ya msiba.

Kipande cha tatu ni ile miaka miwili, na hapa ndipo nina hofu zaidi. Sihofu kwamba kampuni itakukatalia kuondoka. Tangu Paul Cravath, wakili wa New York, aliposimika utaratibu wake mwanzoni mwa karne ya 20, kampuni nyingi kubwa zimejengwa hivyo: zinawachukua vijana waliofaulu sana, zinawafunza kwa kuwapitisha mikononi mwa mawakili wakuu, kisha miaka ikipita ama unapanda kuwa mbia ama unaondoka. Wengi huondoka, na hakuna atakayekushangaa. Tena ni kweli kwamba kutoka ofisi kubwa kwenda ndogo huwa ni rahisi kuliko kutoka ndogo kwenda kubwa, kwa sababu kampuni hizo hupenda kuwachukua vijana wakiwa wabichi. Hilo ni jambo la kulipa uzito unapotazama siku zako tisa.

Hofu yangu ni mwezi wa 21. Hesabu yako inasema deni litaisha mwezi wa 20, lakini umepiga hesabu kana kwamba maisha yako yatabaki kama ya leo. Utahitaji nguo za kazi. Utahamia karibu na ofisi kwa sababu unatoka usiku. Wadogo zako watahamishiwa shule nzuri zaidi, na nani atawarudisha walikotoka? Mjomba, ambaye leo anazungumzia bahati ya ukoo, atakuwa amewaambia watu wengine watatu kwamba binti yetu yupo. Kulikuwa na wakili kijana aliyekuwa akiniletea fomu yake ya mwisho ya mwaka na kuniambia, "Dada, hii ndiyo ya mwisho, mwakani nafungua ofisi yangu." Aliniambia hivyo miaka minne mfululizo, na kila mara aliamini anachosema. Mwaka wa tano aliiweka fomu mezani bila kusema kitu. Nami sikumuuliza, na mpaka leo najuta kwamba sikumuuliza.

Kwa hiyo ukiamua kwenda, miaka miwili yako ihitaji kitu cha kuishikilia. Huenda ni kuishi kwa kiasi kilekile ambacho Mzee angekulipa na kinachobaki kiende chote kwenye deni. Huenda ni kumwandikia mama yako tarehe, ukamwomba akuulize siku hiyo ikifika. Na mkataba wenyewe usome kama ulivyosoma ile 212, viambatisho vyote. Notisi ya kuacha kazi ni ya muda gani? Ukiondoka mapema, kuna gharama za mafunzo au fedha za kuanzia kazi utakazodaiwa? Kuna sharti linalokuzuia kufanya kazi mahali fulani baadaye? Nimewaona mawakili wakisoma mikataba ya wateja hadi nukta ya mwisho, halafu wa kwao wakautia saini wakiwa wamesimama.

Usiichukulie kampuni kubwa kuwa usalama wa milele pia. Kampuni ya mawakili ya Dewey & LeBoeuf ya New York iliwahi kuwa na mawakili zaidi ya 1,000, na mwaka 2012 ilifilisika. Waliolala na kazi waliamka wakitafuta nyingine.

Kuhusu Mjomba na Mandela, amesema kweli. Mandela alijifunza kazi katika kampuni ya mawakili ya Johannesburg miaka ya 1940, na ni mwaka 1952 yeye na Oliver Tambo walipofungua ofisi yao. Lakini kampuni ile haikuwa na mawakili 300, na mshahara wake haukuwa wa kumfanya mtu asite kuondoka. Mfano huo unaonyesha kwamba kujifunza kwa watu si usaliti. Hausemi lolote kuhusu mwezi wa 21.

Tumfikie Mzee sasa. Alisema atakuachia ofisi. Umeichukua kauli hiyo kama ahadi yake kwako na deni lako kwake. Je, alikuwa anakuomba ubaki, au alikuwa anakupa heshima? Na je, ofisi unayoachiwa ina nini ndani yake? Nauliza kwa adabu: kodi imelipwa? Kuna madeni? Kuna wateja wangapi wanaolipa? Anayeachiwa ofisi huachiwa na mizigo yake. Ukichagua kubaki kwa Mzee, ambayo ni njia yenye heshima kamili, bakia ukiwa umeona vitabu vya hesabu, mmeandikiana mshahara, na mmekubaliana lini utakuwa mbia. Hatari ya njia hiyo nakuona hujaitaja: kwamba miaka mitano mbele Mzee hayupo, wewe uko peke yako na majalada mia, mama yako bado mdhamini, na hujawahi kufanya kazi chini ya mwingine wa kukuonyesha namna nyingine ya kuifanya. Inawezekana pia miaka mitano mbele ukawa wakili anayejulikana kwa kesi za wafanyakazi, ambaye vyama vya wafanyakazi vinamtafuta. Yote mawili yametokea kwa watu.

Kuna njia za katikati ambazo hujazigusa. Unaweza kuiomba kampuni isogeze mbele tarehe ya kuanza, miezi mitatu au sita, umalizie kesi ya yule mama na kumtafutia Mzee msomaji mwingine. Wanaweza kukubali, wanaweza kukataa, na wapo wanaoliona ombi hilo kama dalili ya kusitasita, kwa hiyo pima namna ya kuuliza. Unaweza kuomba idara nyingine isiyokutana na wafanyakazi mahakamani, kwa mfano ile ya mikataba ulikokuta furaha yako ya pili. Unaweza pia kutafuta ofisi ya ukubwa wa kati, inayolipa chini ya ile na juu ya Mzee. Siku tisa zinakufanya uone milango miwili tu. Waliokuajiri wamekufundisha miezi sita na wameiona kazi yako. Ukiwaomba wiki moja ya ziada kwa heshima na kwa sababu ya maana, kuna uwezekano mkubwa watakusikiliza, na wasipokusikiliza utakuwa umejifunza jambo juu yao.

Umeniuliza kama utakuwa msaliti, na kama utakuwa umewaponza wa nyumbani. Maneno hayo mawili ni mazito kuliko kilichoko mezani kwako. Mezani kuna ajira mbili. Zote zina notisi, na zote mtu anaweza kuziacha. Mama yako umemtaja mara mbili, lakini sikuona mahali alipokwambia anataka nini. Alipoweka saini ya udhamini, alikuwa anategemea nini? Huenda ana jibu litakalokushangaza, kwa upande wowote.

Jambo la Mzee lisisubiri siku ya tisa. Mawakili wanajuana, na habari ya ajira yako inaweza kumfikia kupitia kwa mtu wa masjala ya mahakama kabla hujafungua mdomo. Hiyo ndiyo njia pekee kati ya zote ambayo nakuomba usiipite. Nenda mapema jioni, kabla hujaanza kumsomea. Mwambie kwamba haikuwa mafua. Mweleze barua, mshahara, deni, na ile furaha ya kifungu pia, usimfiche. Halafu muulize alichomaanisha aliposema atakuachia ofisi, unyamaze, umwache ajibu. Anaweza kuumia. Anaweza kukuuliza lile swali lake moja.

Na jalada la yule mama, utakavyoamua vyovyote, liandikie maelezo ya kurasa mbili: kesi imefika wapi, tarehe inayofuata ni lini, mfuko wa hati uko kabati gani na umepangwaje. Uandike kwa herufi kubwa, Mzee aweze kusoma mwenyewe.

Niandikie ukishazungumza naye, hata mistari miwili. Nitakuwa nasubiri.

Shangazi